Tunaposema "haina mantiki", tunakanusha nini?

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie neno ambalo haipiti siku bila kulisoma magazetini au kulisikia redioni: mantiki. Mbunge akipinga bajeti husema haina mantiki. Mchambuzi wa mpira akichukizwa na kocha aliyemtoa mshambuliaji dakika ya 60 husema hakuna mantiki pale. Mwenye daladala akiipinga nauli mpya, naye husema hivyo hivyo. Waulize hao watatu wanakataa nini hasa. Wa kwanza atakwambia takwimu si za kweli, wa pili kwamba uamuzi ule ulikosa busara, wa tatu kwamba nauli haitoshi kununulia mafuta. Yote matatu yanastahili kusikilizwa, lakini hakuna hata moja linalohusu mantiki, na kila moja lina namna yake ya kujibiwa. Neno moja linapoyafunika yote, anayetakiwa kujibu hajui ajibu lipi, na mjadala unaishia hapo.

Mantiki inauliza swali moja tu: je, hitimisho linatokana na yale yaliyotangulizwa? Haiulizi kama yaliyotangulizwa ni ya kweli, wala kama hitimisho ni jema. Mtu akisema, "Samaki wote huishi nchi kavu, sangara ni samaki, kwa hiyo sangara huishi nchi kavu," amesema uongo, lakini mantiki yake haina dosari: ukishamkubalia yale mawili ya mwanzo, la tatu huwezi kulikwepa. Mwingine akisema, "Samaki wote huishi majini, sangara huishi majini, kwa hiyo sangara ni samaki," sentensi zake zote tatu ni za kweli na bado mantiki imevunjika. Mtoe sangara, umweke pweza, utaona. Pweza naye huishi majini, wala si samaki. Hoja iliyokamilika inahitaji vitu viwili, misingi ya kweli, yaani yale yaliyotangulizwa, na kiungo kisichokatika kati yake na hitimisho. Mwenye kuipinga ana wajibu wa kutuambia ni kipi kati ya hivyo viwili kilichokosekana.

Kwa kuwa watu huuliza neno lenyewe limetoka wapi, tulieleze. Kiswahili kimelipokea kutoka Kiarabu, mantiq, lenye mzizi n-t-q unaobeba maana ya kutamka na kusema. Nutq ni usemi. Wanafalsafa walioandika kwa Kiarabu walipomwita binadamu hayawan natiq, tafsiri ya maneno yenyewe ni "mnyama asemaye", na walichokusudia ni mnyama mwenye akili. Sababu ya elimu ya kufikiri kubeba jina la kusema iko katika Kigiriki. Kati ya karne ya 8 na ya 10 wafasiri wa Baghdad waliingiza kwa Kiarabu sehemu kubwa ya falsafa ya Wagiriki, na Kigiriki kina neno logos, ambalo ni neno, usemi, maelezo ya sababu, na akili yenyewe kwa pamoja. Limetoka katika kitenzi legein, ambacho maana zake ni pamoja na kukusanya, kuhesabu na kusema. Msomaji wa Biblia ameshakutana na logos hata kama hakujua: Injili ya Yohana inapoanza "Hapo mwanzo kulikuwako Neno", hilo Neno katika Kigiriki ni logos. Ndilo lililozaa logike ya Kigiriki, logica ya Kilatini, logique ya Kifaransa na logic ya Kiingereza, na ndilo lililo kwenye mkia wa biolojia, jiolojia na teknolojia. Mwenye kuandika "lojiki" akidhani amepata neno la kisayansi zaidi kuliko mantiki, basi amepita njia nyingine kufika kwenye wazo lile lile.

Aristotle (384–322 K.K.), anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa elimu hii, hakuiita logike. Kazi yake juu ya hoja aliiita uchambuzi, na waliokuja baadaye ndio waliokusanya maandiko yake ya fani hii na kuyapa jina Organon, yaani zana. Wastoiki, wafuasi wa shule moja ya falsafa ya Kigiriki iliyokuja baada yake, waliigawa falsafa katika sehemu tatu na moja wakaiita kwa jina la logos. Chrysippus wao, katika karne ya 3 K.K., alizifanyia kazi kwa kina hoja za "ikiwa", "ama" na "na". Upande wa Kiarabu, al-Farabi aliyefariki mwaka 950 aliitwa Mwalimu wa Pili, wa kwanza akiwa Aristotle. Al-Ghazali (1058–1111) aliitanguliza mantiki katika kitabu chake cha misingi ya fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, na kuandika kwamba asiyeimudu, elimu yake haiaminiki. Wako waliompinga, Ibn Taymiyya (1263–1328) akiwa mashuhuri kati yao, naye alipinga kwa hoja zilizopangwa vizuri sana.

Kuna mjadala mmoja wa Baghdad wa karne ya 10 ambao ungefaa kufundishwa katika kila darasa la uandishi. Mwanamantiki Matta ibn Yunus alikabiliana na mwanasarufi Abu Said al-Sirafi mbele ya waziri. Matta alishikilia kwamba mantiki ndiyo zana ya kupambanua usemi sahihi na usio sahihi. Al-Sirafi akamjibu kwamba mantiki imetungwa na Mgiriki kwa lugha ya Wagiriki, basi inamlazimishaje Mturuki, Mhindi au Mwarabu? Swali lake bado ni zito, na linatuhusu sisi tunaoandika kwa Kiswahili. Maoni yetu ni kwamba kiungo kati ya misingi na hitimisho hakina kabila, ila kila lugha ina mahali pake inapokificha. Anayetaka kuandika hoja safi kwa Kiswahili lazima ajue Kiswahili kinaficha wapi.

Mahali pa kwanza, na ndipo magazeti yetu yanapojikwaa zaidi, ni neno "wote" likiwa na kitenzi cha kukanusha. Kichwa cha habari kinasema: "Wanafunzi wote hawakufaulu." Msomaji mmoja anaelewa kwamba hakuna hata mmoja aliyefaulu. Wa pili anaelewa kwamba baadhi walifaulu na baadhi hawakufaulu. Sentensi inawaruhusu wote wawili, na tofauti yao ni shule nzima iliyoanguka dhidi ya mwanafunzi mmoja aliyeteleza. Kiswahili kina dawa mbili zisizo na utata: "Hakuna mwanafunzi aliyefaulu" na "Si wanafunzi wote waliofaulu." Ya kwanza inafuta kila mmoja. Ya pili inahitaji mmoja tu aliyefeli ili iwe kweli. Mhariri anayepitisha "wote hawaku-" bila kuuliza mwandishi amekusudia ipi ameacha shimo ambalo hata mahakamani linaweza kumtafuta mtu.

Hapo hapo kuna kosa la jirani. Afisa anasema, "Wachuuzi wote wa soko hili wanalipa ushuru." Mpinzani anajibu, "Hakuna mchuuzi anayelipa!" Wasikilizaji wanadhani mmoja wao lazima awe mkweli. Wanaweza kuwa waongo wote wawili, ikiwa nusu wanalipa na nusu hawalipi. Kanusho halisi la "wote wanalipa" ni "yupo asiyelipa", na mpinzani angemshinda afisa kwa kumleta mchuuzi mmoja tu. Kwa kutaka kushinda kwa kishindo, amejitwisha dai zito kuliko alilolihitaji, na sasa afisa naye anaweza kumshinda kwa mchuuzi mmoja aliye na risiti.

Mahali pa pili ni "na" pamoja na "au" vinapokanushwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 138(4), inataka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na pia angalau asilimia 25 ya kura zilizopigwa katika kila moja ya zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47. Neno "na" hapo linabeba mzigo wote. Mgombea mwenye asilimia 52 ya kura za nchi nzima, lakini aliyefikisha asilimia 25 katika kaunti 23 tu, hajatangazika mshindi. Sasa mwandishi anaripoti: "Mgombea hakutimiza masharti yote mawili." Amekosa moja, au amekosa yote? Augustus De Morgan, mwanahisabati wa karne ya 19, amebaki na jina lake kwenye kanuni ya jambo hili: kukanusha "hili na lile" ni kusema "si hili, au si lile"; kukanusha "hili au lile" ni kusema "si hili, na si lile pia". Andika "alikosa angalau sharti moja" au "alikosa kila sharti", na utata unakwisha. Maneno haya matatu, na, au, si, ndiyo mwanahisabati George Boole aliyoyageuza kuwa hesabu katika kitabu chake cha mwaka 1854, na mwaka 1937 mhandisi Claude Shannon akaonyesha kwamba swichi za umeme zinaweza kuyatekeleza. Kompyuta na simu zetu zimejengwa juu yake.

Mahali pa tatu ni -ki- ya masharti, na hapa tunaomba msomaji asituchoke, kwa sababu ndipo penye madhara makubwa. Chukua sentensi: "Uniti za LUKU zikiisha, taa zinazimika." Inaweza kutumika kwa namna nne. Uniti zimeisha, basi taa zimezimika: sawa. Taa hazijazimika, basi uniti hazijaisha: sawa pia. Taa zimezimika, basi uniti zimeisha: si sawa, kwani huenda nguzo imeanguka au mtaa mzima uko gizani. Uniti hazijaisha, basi taa hazijazimika: si sawa, kwa sababu ile ile. Mbili zinashika na mbili hazishiki, na zote nne zinafanana masikioni. Mwenye kukimbilia kununua uniti kabla ya kuchungulia kwa jirani amefuata ile ya tatu, na hasara yake ni ndogo.

Ila ipeleke hoja hiyo hiyo hospitali. "Ukiwa na malaria utapata homa. Una homa. Kwa hiyo una malaria." Ni umbo lile lile la tatu, lililovunjika, na kwa miaka mingi wagonjwa wengi katika Afrika walipewa dawa kwa kulifuata. Homa huletwa pia na nimonia, homa ya matumbo, maambukizi ya njia ya mkojo, na dengue, ambayo ililipuka Dar es Salaam mwaka 2014. Mgonjwa aliyepewa dawa ya malaria akiwa na nimonia hupoteza saa au siku ambazo pengine hana. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, kwa darubini au kwa kipimo cha haraka, kabla ya kutibiwa. Pendekezo hilo lina sababu zake za kitabibu, pamoja na kulinda dawa zisizoeleke kwa vimelea, lakini kiini chake ni kukataa kurudi kinyumenyume kutoka homa hadi malaria. Na mtu asigeuze upande wa pili akasema, "Sina homa, basi sina malaria." Umbo la hoja hiyo ni zima, kilichoharibika ni msingi wake, kwa maana watu wazima wengi wa maeneo yenye malaria nyingi wana kinga kiasi na hubeba vimelea bila homa. Hoja mbili, ugonjwa mmoja: ya kwanza imekosa mantiki, ya pili imekosa ukweli. Anayeziweka zote chini ya "haina mantiki" hawezi kuzirekebisha, kwa kuwa ya kwanza hurekebishwa kwa kubadilisha njia ya kufikiri na ya pili kwa kuongeza maarifa.

Ukoo wa kosa hilo unafika hadi kwenye sheria na matangazo ya kazi, pale watu wanapochanganya sharti la lazima na sharti la kutosha. Ibara ya 39 ya Katiba ya Tanzania inataka anayegombea urais awe, pamoja na mengine, ametimiza umri wa miaka 40. Umri huo ni wa lazima, lakini hautoshi: lazima pia awe raia wa kuzaliwa, awe mwanachama wa chama cha siasa na amependekezwa na chama hicho, na kadhalika. Tangazo linaloandika "Mwenye shahada ataitwa kwenye usaili" limeahidi kwamba shahada inatosha. Likiwa limekusudia kwamba bila shahada huitwi, liandikwe "Ataitwa mwenye shahada tu", na hapo hakuna aliyeahidiwa kuitwa. Neno "tu" ni fupi sana na linageuza mwelekeo wa sentensi nzima.

Methali nazo zinahitaji kusemewa. Tunazipenda, zimebeba busara ya vizazi, na hotuba isiyo na methali huwa kavu. Lakini methali ni msingi wa hoja kama msingi mwingine wowote, na lazima ithibitishwe kwa jambo lililo mezani. Anayetaka kuharakisha mradi atakwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Anayetaka kuuchelewesha atakwambia haraka haraka haina baraka. Zote mbili ni za kweli mahali pake, na hakuna inayotuambia mradi huu uko mahali gani. Iliyo hatari zaidi ni "lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Ikitumika kuthibitisha uvumi, tazama inavyofanya kazi: tukio likionekana, uvumi ni kweli; lisipoonekana, uvumi bado ni kweli, linakuja. Dai ambalo hakuna tukio linaloweza kulikanusha halijathibitishwa na tukio lolote. Tumeona watu wakiharibiwa majina kwa methali hii peke yake.

Kwa anayetaka kuikagua hoja, iwe makala ya gazeti au hotuba, utaratibu wake ni huu. Anza na hitimisho, uliandike peke yake kwenye mstari wake. Hutangulizwa na "kwa hiyo", "basi", "hivyo", "ndiyo maana". Na lisipotangulizwa na hayo, mara nyingi hufuatiwa na "kwa sababu", "kwani" au "maana". Usipolipata hitimisho, huna hoja mbele yako, una maelezo au malalamiko, na huna cha kukagua. Kisha andika misingi, kila mmoja sentensi kamili yenye kiima na kitenzi. Halafu tafuta msingi uliofichwa, kwani ndiko udhaifu unakopenda kukaa. "Mgombea huyu hakuzaliwa hapa, kwa hiyo hajui shida zetu" imeficha sentensi "Asiyezaliwa mahali hajui shida za mahali hapo." Iandike waziwazi, kisha mfikirie mwalimu au mganga aliyehamia hapo miaka 30 iliyopita. Nyingi huanguka pindi zinapoandikwa tu.

Baada ya hapo jaribu kiungo kama tulivyofanya kwa pweza: bakiza umbo, badilisha majina, uone kama unaweza kupata misingi ya kweli na hitimisho la uongo. Ukifaulu mara moja, kiungo kimekatika. Kagua pia kama neno moja limebeba maana moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Kiswahili kina mtego mkubwa katika "haki", ambayo ni stahili ya mtu na pia ni uadilifu. "Mwenye nyumba ana haki ya kupandisha kodi, kwa hiyo kupandisha kodi ni haki" inavuka kimyakimya kutoka maana ya kwanza hadi ya pili. Mwisho ndipo uulize kama misingi ni ya kweli, na hapo unahitaji takwimu, mashahidi na wataalamu, si mantiki. Watu wengi huanza na hatua hii ya mwisho, au hawaanzi kabisa, hukimbilia kuuliza aliyesema ni nani na yuko chama gani. Jibu la swali hilo linaweza kukufanya uwe mwangalifu zaidi na ushahidi wake, lakini kiungo cha hoja hakibadiliki kwa kubadilika msemaji.

Kuna matumizi mengine ya neno hili ambayo hatuna ugomvi nayo. Kusema hadithi ina mantiki, kwa maana kwamba matukio yake yanazaana, ni sawa. Kusema "mantiki ya sheria hii ni kuwalinda wakulima" tungeliandika "kusudio la sheria hii", kwa sababu kusudio linaweza kuwa jema na hoja iliyoitetea ikawa mbovu. Wala hatuna upungufu wa istilahi. Hoja, natija, burhani, kiasi, kadhia, maudhui, yakini na dhana, yote yametoka kwenye maneno ya Kiarabu ambayo wanamantiki wa zamani waliyatumia kila siku. Natija kwao ilikuwa hitimisho, kadhia ilikuwa sentensi inayoweza kuwa kweli au uongo, na kiasi, qiyas kwao, ndiyo hoja yenyewe ya misingi miwili na hitimisho. Yanatumika leo kwa maana pana zaidi, na mwandishi wa falsafa anaweza kuyarudisha kazini bila kubuni neno jipya.

Ombi letu kwako, Mhariri, lina pande mbili. Waandishi wa safu na wa tahariri, kila wanapoandika "haina mantiki", waandike sentensi moja zaidi inayoonyesha jinsi misingi ya mpinzani inavyoweza kuwa kweli na hitimisho lake likawa uongo. Wakishindwa, waandike "si kweli" au "si busara", wapendavyo, mradi waseme wanachokikataa. Na dawati la vichwa vya habari likikutana na "wote" iliyofuatwa na "hawa-", "hawaku-" au "hawata-", limrudishie ripota aulizwe: hakuna hata mmoja, au si wote?

Wasomaji wako,
Walimu wa mantiki,
Dar es Salaam